Mpini Usiopikwa

Kalaba aliuweka mpini juu ya meza, akauzungusha mpaka alama za vidole zikaelekea upande wa mfungwa.

"Ni kazi yako?"

Mukuka hakuutazama. "Nilisha kusema."

"Sema tena."

"Haikupikwa."

Neno hilo ndilo lililomweka gerezani. Alilisema siku ya kwanza mbele ya mkalimani wa parquet, ofisi ya waendesha mashtaka ya Élisabethville, na mkalimani akalipeleka kwa Kifaransa kama alivyolisikia: kipande hakikupikwa. Fundi wa presi ya bakeliti, plastiki ngumu ya vifaa vya umeme, anayesema kipande chake hakikupikwa amekiri kwamba alifungua presi kabla ya wakati. Bakeliti mbichi hulegea ikipata joto. Mpini huu ulikuwa wa swichi kubwa ya kisu kwenye kinu cha unga upande wa Bel-Air. Swichi ilichemka, mpini ukalegea, na vidole vya Alphonse, mwendesha kinu, vikazama ndani yake mpaka kwenye shaba yenye umeme. Alikuwa amekwisha kuzikwa. Mukuka angesimama mbele ya hakimu kesho asubuhi kwa kosa la kumuua mtu kwa uzembe, na mkewe, Laurentine, alikuwa ameambiwa atoe vyombo vyake kwenye nyumba ya kiwanda.

Godefroid Kalaba, msaidizi wa upelelezi, alikuwa amepewa faili asubuhi hiyo, ili aangalie tu kama karatasi zimekamilika.

"Kila ukisema hivyo unajifunga mwenyewe," alisema.

"Minajifunga namna gani? Nasema kweli. Haikupikwa. Ilipigwa shindano."

Kalaba aliinua kichwa. "Ilipigwa nini?"

"Shindano. Nilimuambia na ule mukalimani wenu. Akacheka. Akasema miye niko ku parquet, siko ku hôpital."

Mkalimani alikuwa amesoma Kiswahili chake kwa mapadri, mbali na mji huu. Hata hivyo alijua, kama kila mtu wa Élisabethville, kwamba shindano ni sindano ya hospitali. Sentensi ya pili ilimwonekea upuuzi, akaiacha. Ya kwanza akaipeleka ikiwa peke yake.

"Mu atelier yenu," Kalaba alisema polepole, "kuko vitu vya kupika na vitu vya shindano?"

"Njo vile. Kila muntu anajua."

"Mimi sikujua. Mashine gani inapigaka shindano?"

"Enda uangalie. Iko kubwa, haijifiche."

"Nani anaitumikisha?"

Mukuka aligeuza uso ukutani.

"Mashine ina mtu," Kalaba alisema.

"Iko na muntu. Jina sisemi."

"Kesho unahukumiwa."

"Minajua kesho ni siku gani, bwana."

"Ni ndugu yako?"

"Batoto yake banakulaka kwangu, na yangu banakulaka kwake. Uliniuliza kama ni kazi yangu. Si kazi yangu. Basi. Weye njo polisi. Tafuta."

Kalaba aliuzungushia mpini leso, akautia mfukoni. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima kupata neno ambalo lingeweza kupatikana siku ya kwanza, kama mtu mmoja tu angeuliza maana yake.

*

Atelier, karakana ya kiwanda, ilikuwa ng'ambo ya reli, jengo la mabati lenye harufu kali kama ya dawa wanayosafishia sakafu ya hospitali. Msimamizi, Hanssens, alikuwa Mbelgiji mnene mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso. Alimtazama Kalaba kuanzia viatu mpaka tai.

"Tai nzuri," alisema kwa Kifaransa. "Iweke mbali na presi. Haichagui."

"Nataka kuona jinsi mpini unavyotengenezwa."

"Mnaye aliyeutengeneza. Amekiri."

"Nataka kuona hata hivyo."

Hanssens alimwonyesha, kwa sababu kumwonyesha kungemwondoa upesi kuliko kubishana naye. Presi ya Mukuka sasa ilikuwa na mtu mwingine. Alimimina unga mweusi, resini iliyochanganywa na unga wa mbao, ndani ya kalibu ya chuma iliyopashwa moto. Nusu ya juu ya kalibu ikashuka na kubana. Kisha kungoja. Walingoja kiasi cha mtu kuvuta nusu ya sigara. Presi ilipofunguka mpini ulikuwa ndani, mgumu, unang'aa, na pale nusu mbili za kalibu zilipokutana palitokeza ukingo mwembamba kama ukucha. Mfanyakazi akaupitisha kwenye tupa mpaka ukaisha.

"Joto linaufanya mgumu," Hanssens alisema. "Ukishaiva, hautayeyuka tena hata uutie motoni. Lakini mtu wako alikuwa na haraka. Njoo uone."

Alimwonyesha kipimajoto cha presi. Mshale wake ulikuwa umekwama. Kalaba aligonga kioo kwa kidole, mshale haukutikisika.

"Umekwama tangu lini?"

"Muulize yeye. Ni presi yake."

Hili lilimchelewesha Kalaba kuliko alivyotaka. Kipimajoto kilichokufa kilikubaliana na presi baridi. Presi baridi ilikubaliana na bakeliti mbichi. Bakeliti mbichi ilikubaliana na vidole vya Alphonse. Kila kitu kilishikana na kingine vizuri mno. Akamuuliza mfanyakazi wa sasa anajuaje kama presi imepata joto.

"Natemaka mate," mfanyakazi alisema, akatema juu ya chuma. Mate yakaruka na kupotea. "Ile saa ilikufaka mbele ya miye kuja hapa. Hakuna muntu anaiangaliaka."

"Sema kidogo, tumika mingi," Hanssens alimwambia kwa Kiswahili chake cha amri.

Kwa hiyo kipimajoto hakikuthibitisha chochote. Wote walikuwa wakipika kwa mate, na mipini yao mingine yote ilikuwa migumu. Kalaba alikuwa amepoteza muda tena.

Alitoa mpini wa Alphonse. Aliupitishia kidole pembeni akitafuta mahali pa tupa. Hapakuwa na alama ya tupa. Chini, kwenye kitako, palikuwa na nyota, alama ya kiwanda, na kando yake kovu dogo la duara, kama kitovu.

"Kovu hili ni nini?"

"Alama ya kisu. Anayesafisha alikosea."

"Kwenye duara kamili?"

"Ana mkono mzuri."

Kalaba alikwenda mwisho wa karakana. Huko mashine ya pili ilikuwa imelala kwa urefu wake, ikitoa machanuo ya nywele ya rangi ya kahawia yenye mawimbi, mfano wa gamba la kobe. Chembechembe za plastiki zilishuka kutoka kwenye faneli hadi kwenye silinda ya moto, zikayeyuka. Pistoni ikazisukuma, kama dawa kwenye sindano, kupitia tundu jembamba ndani ya kalibu iliyopozwa kwa maji. Na kabla Kalaba hajamaliza kusafisha miwani yake, chanuo lilianguka kwenye sanduku. Lilikuwa na kikonyo pale plastiki ilipoingilia. Mwendeshaji alikikata kwa koleo, akakitupa kwenye pipa la vikonyo vingine. Kovu lililobaki lilikuwa duara.

Mwendeshaji alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kofia iliyopinda. Alimwona Kalaba akilitazama chanuo.

"Unatafuta peigne, bwana parquet? Kwako nywele ilisha kuhama."

"Unaitwa nani?"

"Bwalya."

"Mashine hii mnaiitaje?"

Bwalya alimtazama Hanssens, kisha akatazama koleo lake. "Mashini," alisema.

Hanssens aliwafikia. "Hii ni ya machanuo na vikombe. Joto linailainisha, baridi inaigandisha. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kutengeneza kitu cha umeme wa nguvu kwa plastiki hii."

"Nakubaliana nawe," Kalaba alisema. "Vikonyo vile kwenye pipa hutupwa?"

"Vinasagwa na kurudishwa kwenye faneli. Plastiki hii huyeyuka mara nyingi unavyotaka."

"Na bakeliti?"

"Nimekwambia. Ikiiva imeiva."

"Basi nahitaji mpini mmoja mbichi. Mwambie mtu wa presi aifungue mapema."

"Kwa ajili gani?"

"Ili niwe na mpini ambao nina hakika haukupikwa."

Hanssens alikataa. Kalaba alimwomba karatasi aandike kwamba msimamizi amekataa kusaidia parquet, akauliza kama jina lake huandikwa kwa s mbili au moja. Hanssens akaagiza presi ifunguliwe.

Mpini mbichi ulitoka na malengelenge, ukinuka vibaya. Kalaba aliuvunja kwa nyundo, na vilevile mpini ulioiva, kisha akavunja pembe ya mpini wa Alphonse. Alivipanga vipande vitatu juu ya bamba la moto la presi, akangoja.

Kipande kilichoiva hakikufanya chochote. Kipande kibichi kililegea kidogo, kikatoa moshi, kisha kikaanza kukaza. Kalaba alipokibonyeza kwa bisibisi mara ya pili hakikubonyea tena. Joto lilikuwa limemaliza kazi ambayo presi ilianza. Kipande cha mpini wa Alphonse kililala kama mafuta ya nguruwe. Alikiinua kwa ncha ya bisibisi, akakiacha kipoe mpaka kikawa kigumu, akakirudisha. Kikalala tena. Akarudia. Kikalala.

"Yai bichi likirudi motoni linaiva," Kalaba alisema. "Mafuta yakirudi motoni yanayeyuka. Huu haukuwa mpini mbichi. Ni mafuta."

Hanssens aliinama kukitazama kipande.

Kalaba alimwonyesha sehemu iliyovunjika. Bakeliti ilipovunjika ilikuwa na uso mkavu, wa unga wa mbao. Mpini wa Alphonse ulivunjika kama kioo cha chupa, na ndani ya weusi wake palipita mawimbi ya kahawia.

"Gamba la kobe," Kalaba alisema. "Mlitia rangi nyeusi juu ya vikonyo vya machanuo."

"Wapo wengine wanaotengeneza mipini."

"Wenye alama yenu ya nyota kwenye kitako?"

"Monsieur Kalaba," Hanssens alisema, akashusha miwani machoni, "kuanzia sasa utaniuliza mbele ya wakili wangu."

*

Wakati wa mapumziko wafanyakazi walikaa nje kando ya ukuta, wakila mihogo ya kuchoma. Kalaba aliwauliza mmoja mmoja nani aliona kalibu ya mipini ikifungwa kwenye mashine ya machanuo. Hakuna aliyeona. Mmoja alikuwa na jicho lenye ugonjwa. Mwingine alikuwa ameenda Kasomeno kumzika shangazi. Wa tatu alimwambia, "Tata, shiye tunalala mu manyumba ya bale bale unaulizia," akageuza mgongo.

Bwalya alikuwa amekaa peke yake.

"Sikuulizi kosa ni la nani," Kalaba alisema. "Ninauliza mashine gani."

"Ile njo namna munasemaka kila siku."

"Shindano?"

Bwalya alitafuna mpaka akamaliza. "Shindano. Presi ilikuwa inakawia. Mupini moja: unangojea, unangojea, unaota ndevu. Patron akasema muteja anakasirika. Akaleta moule ingine, akaifunga ku mashini yangu."

"Hanssens mwenyewe alifunga kalibu?"

"Iko nzito, ile. Inaomba palan. Na funguo ya palan iko mu mufuko yake, hata choo anaenda nayo."

Palan ilikuwa mnyororo wa kuinulia vitu, uliofungwa kwa kufuli juu ya mashine. Kalaba alikuwa ameiona.

"Ulijua mipini ile ni ya umeme?"

"Balileta moule, miye nikafinya bouton. Hata ingekuwa moule ya pua yako, ningefinya."

"Utakuja parquet kusema hivyo?"

"Juu ya nini?"

"Juu ya Mukuka. Anahukumiwa kesho."

Bwalya aliweka muhogo chini. "Hakutaja jina langu?"

"Alikataa."

Bwalya alifuta mikono kwenye suruali, akanyoosha kofia iliyopinda. "Unipe nafasi nibadirishe shati," alisema. "Hauwezi kuenda kwa bazungu na hii."

*

Substitut Lambrecht, mwendesha mashtaka, alikuwa na jiko dogo la spiriti la kuchemshia kahawa. Kalaba aliomba ruhusa, akaondoa birika, akarudia jaribio juu ya kifuniko cha bati. Lambrecht alisogeza kiti karibu. Alivuta kipande cha mpini wa Alphonse kwa kijiko, akakiona kikirefuka kama uzi, akakiacha kigande, akakivuta tena. Alikuwa mtu mwepesi kuelewa. Hilo ndilo lililomfanya Kalaba atumaini.

"Na maungamo?" Lambrecht aliuliza.

"Si maungamo. Karakanani kupika ni kazi ya presi. Alisema kipande hiki hakikupitia presi. Nusu ya pili ya maneno yake haikutafsiriwa."

"Upuuzi mtupu," Lambrecht alisema, akimkusudia mkalimani. "Vizuri. Mukuka aachiliwe leo. Umefanya kazi safi, Kalaba."

"Asante. Kuhusu Hanssens..."

"Huyo aliyekaa nje na shati jeupe ni nani?"

"Bwalya. Shahidi."

"Anafanya kazi gani?"

Kalaba aliona swali linakoelekea, na hakuwa na njia ya kulikwepa. "Anaendesha mashine ya machanuo."

"Yaani ndiye aliyetengeneza mpini."

"Alibonyeza kitufe. Aliyefunga kalibu ni Hanssens. Aliyechagua plastiki ni Hanssens."

"Nani alimwona?"

"Bwalya."

"Mtu aliyetengeneza mpini anasema aliagizwa na mkubwa wake. Wote husema hivyo, na mara nyingine ni kweli. Mkubwa atakana, tena kwa mdomo wa wakili. Neno moja kwa neno moja. Hakimu atachukua lipi?"

"Funguo za palan ziko kwa Hanssens peke yake."

"Atasema alimwazima." Lambrecht alirudisha birika jikoni. "Nataka mtu wa pili aliyeona. Uliwauliza wengine?"

"Niliwauliza."

"Na?"

"Wanalala kwenye nyumba za kiwanda."

"Basi unaona. Mtu amekufa, na nina mtu aliyetengeneza kilichomuua. Siwezi kumwacha arudi nyumbani kwa sababu ana shati safi. Mweke ndani mpaka tutakapopata zaidi. Umweleze mwenyewe. Usimwite yule mkalimani."

Kalaba alisimama kidogo zaidi ya ilivyostahili. Kila kipande cha ushahidi kilikuwa sahihi. Alikivunja, alikipasha moto, alikirudia, na kilimtoa mtu mmoja gerezani na kumwingiza mwingine pale pale alipotoka. Alifunga mlango nyuma yake.

Kwenye korido Mukuka alikuwa ameletwa na askari kuchukua mshipi na viatu vyake. Laurentine alikuwa kando yake na sufuria ya ugali wa bukari iliyofungwa kwa kitenge, analia na kumgombeza kwa wakati mmoja kwa sababu amekonda. Mukuka alikuwa bado anafunga kamba za viatu alipomwona Bwalya kwenye benchi.

"Weye unafanya nini huku?"

"Nimekuja kukutosha mu kifungo," Bwalya alisema, akacheka. "Unaonaka namna miye niko avocat?"

Kalaba aliwafikia. Alizungumza na Bwalya, kwa sauti ile ile aliyoitumia siku nzima.

"Mukuka yuko huru. Wewe unabaki. Substitut ameamuru."

Bwalya aliacha kucheka. "Nabaki ku nini?"

"Ndani. Kwa ajili ya mpini."

"Tata. Ulisema ni ya kusaidia Mukuka."

"Imemsaidia," Kalaba alisema.

Askari alimtazama Kalaba ili ajue amshike yupi. Laurentine alivuta mkono wa mumewe kuelekea mlango wa nje. "Twende. Twende, baba Ngosa, mbele ya babadirishe mawazo."

Mukuka aliutoa mkono wake. "Nilikukatalia jina," alimwambia Kalaba.

"Sikulipata kwako."

"Bamekwisha kumukamata?"

"Amri imetoka. Sababu ni kwamba hakuna mtu mwingine aliyeona nani alifunga kalibu. Neno lake ni moja."

Mukuka alitazama mlango wa Lambrecht, kisha askari, kisha Bwalya. Alisema polepole, kama mtu anayejaribu ubao kabla ya kuukanyaga. "Jana, kama ningesema nilimuona muzungu anafunga moule, wangesema nini?"

"Wangesema mshtakiwa anajitetea."

"Na wangeuliza: moule ya mashini ya nani?"

"Ndiyo."

"Njo maana nilinyamaza. Na leo miye niko mushtakiwa?"

Kalaba aliipitia hoja kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta mahali itakapovunjika.

"Hapana," alisema. "Leo huna kesi."

"Jina lake bamekwisha kulijua. Sasa nafichia nani?" Mukuka aliketi kwenye benchi, bega lake likagusa la Bwalya. "Presi yangu inaangaliana na ile mashini. Hanssens alivuta palan na mikono yake. Mnyororo ulimukata kidole gumba, akatukana mama ya kila muntu. Kovu iko."

"Utasema hivyo mbele ya Hanssens?"

"Mukuka!" Laurentine alisema. "Nyumba!"

"Nyumba walisha kutukatalia, mama. Kaa. Tosha bukari, huyu hajakula."

Laurentine alisimama na sufuria yake, akamtazama mumewe, akamtazama Bwalya. Kisha akapiga magoti na kuanza kufungua kitenge, akinung'unika kwamba wanaume wote wawili hawana akili.

Kalaba alirudi na kugonga. Lambrecht alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake.

"Nini tena?"

"Mtu wa pili," Kalaba alisema, na hakutoka mlangoni.